Fungate na Mama Mkwe

Siku naolewa, mume wangu aliniahidi kwamba fungate yetu itakuwa baharini. Ilikuwa masika, maji yalikuwa yamekata barabara, na ndugu zangu waliotoka kwetu Mamboya kuja kwenye harusi walifika wameshika viatu mikononi. Wiki yetu ya kwanza ya ndoa tuliimalizia kwa wazazi wake, Zombo, tukipalilia mpunga. "Mwakani," aliniambia tukiwa tumeinama shambani, matope mpaka magotini. Mwakani ikawa miaka kumi na mmoja. Tulijaliwa watoto wawili, yeye akahamishiwa ofisi ya mifugo mjini Kilosa, mimi nikapangiwa darasa la tatu kwenye shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani. Neno fungate likabaki la utani, la kusema umeme ukikatika na sisi tuko sebuleni bila televisheni.

Kisha jioni moja alinipa simu yake. "Angalia huyu."

Kwenye kioo alikuwapo mwanamume wa makamo mwenye kofia ya ukili, amesimama juu ya mashua, na nyuma yake kuna maji ya rangi ambayo mimi nilikuwa nimeiona kwenye vitenge tu. Alikuwa akieleza kwamba yeye ni nahodha, amezaliwa Kunduchi, na anawachukua watu wawili wawili kwenda kutazama samaki na matumbawe kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Hakuna kuchanganywa na kundi. Mashua inakuwa yenu.

"Nimeshalipia," mume wangu akasema. "Likizo ya Juni, Jumamosi ya mwisho."

Nilimkumbatia mbele ya watoto, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanyiki. Usiku ule ule nilianza kufikiria nguo.

Zikiwa zimebaki siku tano, chanjo ya ng'ombe iliyokuwa imepangwa Agosti ikaletwa mapema. Kata tatu zilikuwa zina ugonjwa wa midomo na kwato, na afisa mifugo hawezi kuaga akasema anakwenda kuogelea. Nahodha alipopigiwa simu alisema hawezi kutubadilishia siku, kwa sababu baada ya Jumamosi ile mashua ilikuwa inapandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mimi nami shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Tulikuwa sebuleni tukilizungumza hilo, na mama mkwe alikuwa chini kwenye mkeka anapukuchua kunde. Alikuwa amekuja kutoka Zombo kwa ajili ya kliniki ya macho, na alikuwa na wiki moja kwetu. Mume wangu akamtazama, akanitazama mimi.

"Nenda na mama," akasema.

Nilidhani anatania. Mama mkwe akainua kichwa. "Kwenda wapi?"

"Baharini, mama. Kwenye mashua."

Akaendelea kupukuchua. Maganda matatu, manne. Halafu akasema, "Nitakwenda."

Niliingia jikoni nikafungulia bomba kwa nguvu, nikalia. Ninaona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama mkwe hakuwahi kunitendea ubaya. Tatizo lilikuwa kwamba hatukuwahi kutendeana lolote. Kwa miaka kumi na mmoja nilimpigia goti nikamwamkia, yeye akaitikia marahaba, akauliza habari za watoto, nikajibu nzuri, tukanyamaza. Chakula chake nilimwandalia kwenye sahani yake. Alikuja mkoa wetu na mumewe na ng'ombe wao kutoka upande wa ziwa, mume wangu akiwa bado mtoto wa mgongoni, na mimi nilichojua juu yake kilikuwa ng'ombe, jembe na ukimya. Sasa ndiye wa kwenda naye fungate.

*

Tulipanda treni ya umeme Kilosa asubuhi ya Ijumaa. Mama alimwamkia kila aliyemzidi umri, na walikuwa wachache, kisha akaitikia shikamoo za behewa zima kana kwamba tulikuwa tumeingia kwenye msiba wa ukoo wake. Treni ilipochanganya mwendo alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Baadaye aliachia mkono mmoja. Tulipofika Morogoro alikuwa ameachia yote miwili na anakula karanga.

"Tulipokuja huku na ng'ombe," alisema akitazama dirishani, "tulitembea mpaka viatu vya matairi vikaisha." Kisha akanyamaza tena, na mimi sikuuliza. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la miaka yote, lakini nilikuja kulijua siku ya pili.

Tulilala nyumba ya wageni, na Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa ufukweni Kunduchi. Mashua ilikuwa imetia nanga mahali ambapo maji yanafika magotini, mashua ya mbao yenye tanga moja na injini ndogo nyuma. Nilimtambua nahodha kwa kofia yake. Ila sikuwa nimejiandaa kwa hayo mengine. Mlingoti ulikuwa umefungwa maputo mekundu. Kwenye benchi la kati palikuwa na shuka jeupe, na juu yake tikiti maji lililochongwa umbo la moyo, na madafu mawili yenye mirija. Nahodha mwenyewe alikuwa ameshika shada la maua ya waridi na asumini, na shemeji yake, ambaye ndiye msaidizi wake, alikuwa ameshika spika inayoimba taarabu ya mapenzi.

Mume wangu alikuwa amebadilisha jina la msafiri mmoja. Hakueleza msafiri huyo ni nani.

"Karibuni sana, karibuni!" nahodha alisema, akitazama nyuma yetu. "Bwana anakuja?"

"Bwana yuko Kilosa, anachanja ng'ombe."

"Na huyu mama?"

"Mama yake."

Shemeji mtu akazima spika. Nahodha akavua kofia. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hayo maputo ni ya nini?"

Nahodha aliyatazama kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. "Hayo, mama, ni ya kupimia upepo."

"Mekundu?"

"Mekundu yanaonekana vizuri."

Mama mkwe akayakagua moja moja. "Mimi nimezaa watoto saba," alisema. "Maputo ya harusi ninayajua."

Nilitamani mchanga unifunike. Lakini yeye alikuwa ameshapandisha kanga, anaingia majini kuifuata mashua, na alipomfikia nahodha akainamisha kichwa. "Nivishe hilo shada. Mimi nilipoolewa sikuvishwa."

Akavishwa. Shemeji akaifungulia spika tena, polepole, na tukaondoka.

*

Kwetu Mamboya ni milimani. Maji tunayoyajua ni ya kijito, ya kisimani na ya ndoo, na ukiona maji yamezidi magoti unamwita mtu mzima. Kwa hiyo tulipoacha kivuli cha ufukwe na tanga likajaa upepo, nililishika benchi nikajisemea kwamba nina watoto wawili na kikao cha wazazi mwezi wa saba. Mashua ilikuwa inalala upande mmoja. Nahodha alisema hiyo ni kawaida, na kwamba ikilala hivyo ndiyo inakimbia vizuri.

Mama alikuwa amekaa mbele kabisa. Alichovya kidole, akakiweka ulimini, akatema, akacheka. Kilikuwa kicheko cha juu, cha msichana. Sikuwa nimewahi kukisikia.

"Kumbe si uongo," alisema. "Yana chumvi kweli."

Kisha alianza kumuuliza nahodha maswali. Kamba ile inafanya nini? Upepo ukigeuka unafanyaje? Mbona hamna mtu wa kukumba maji yanayoingia? Nahodha alimjibu kwa upole kama anayemweleza mtoto, halafu kwa mshangao kidogo, halafu kama anayezungumza na mtu wa kazi yake. Mimi nilikuwa na shughuli yangu ya kushika benchi, kwa hiyo sikulitilia maanani.

Baada ya kama saa nzima tulifika kwenye matumbawe, karibu na kisiwa kidogo kisicho na nyumba. Walishusha tanga na kutupa nanga kwenye mchanga. Maji yalikuwa yametulia, na ukichungulia uliona chini vitu vya kahawia na zambarau vikiyumba. Nahodha alitoa vifaa: miwani ya kuzamia inayoziba pua, mrija wa kupumulia, viatu vya mpira vipana kama miguu ya bata, na majaketi ya kuelea.

"Wewe dada utavaa hivi na mimi nitakushika mkono," aliniambia. "Mama atabaki hapa na matunda yake, apumzike. Watu wa ng'ombe, maji haya hawayazoei."

Mama alikuwa anachungulia ukingoni. "Kina chake?"

"Watu wawili, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake."

Akavua shada la maua akalivisha mlingoti. Akavua kilemba na kanga akanipa. Ndani ya kanga alikuwa na gauni jepesi la pamba. Alichukua upindo wa nyuma akaupitisha katikati ya miguu, akauchomeka mbele kiunoni, kwa mwendo mmoja wa haraka ambao mikono ilikuwa inaujua yenyewe.

"Mama," nikasema.

"Mama, kwanza jaketi," nahodha akasema. "Hiyo ni sheria ya mashua."

"Litanisumbua."

Akaruka.

Nilipiga ukelele ambao naambiwa ulisikika mpaka kisiwani. Nahodha hakusubiri, aliruka nyuma yake na shati lake na kofia yake. Shemeji alishika kamba. Mimi nilikuwa nimeshika kilemba cha mama mkwe wangu, na katika zile sekunde nilikwisha kutunga maneno ya kumwambia mume wangu, nikaona hayafai, nikaanza kutunga mengine.

Mama aliibuka mbali, umbali wa upana wa darasa langu, upande ambao hakuna aliyekuwa anautazama. Alikuwa wima ndani ya maji, kifua nje, anapangusa macho. Anacheka.

Nahodha alimfikia akihema. "Mama! Kumbe unaogelea!"

"Na wewe unaogelea?" mama akamuuliza. "Mbona umechelewa hivyo?"

*

Alirudi akashika ukingo wa mashua, na pale pale, miguu ikichezacheza chini, alitueleza. Alizaliwa kando ya ziwa, kwenye kijiji ambacho ukitoka mlangoni hatua ya kumi ni maji. Baba yake alikuwa na mtumbwi wa kuvushia viazi vitamu. Walikuwa wasichana wanne na mvulana mmoja, na baba aliwafundisha wote kuogelea kwa kuwatupa. Akiwa na miaka kumi na sita alikuwa akiogelea mpaka kwenye mwamba uliokuwa mbali, akalala juu yake kuota jua, akarudi. Kisha akaolewa na mtu wa bara mwenye ng'ombe. Kisha wakahama.

"Huku hakuna maji ya kumtosha mtu," alisema. "Mtoni kuna matope na mamba. Miaka arobaini. Nilidhani mwili umesahau."

"Lakini hujawahi kutuambia, mama," nikasema.

Akanitazama bila hasira yoyote. "Mliniuliza lini? Mimi mnaniuliza habari za ng'ombe."

Aliuchukua mkono wangu uliokuwa umeshika benchi, akauvuta kidogo. "Shuka."

Nilishuka kwa sababu ni mama mkwe. Ndiyo sababu pekee. Nilikuwa na jaketi, miwani na mrija, na mara nilipoingia nilimeza maji, nikamshika shingo kwa nguvu zote nilizo nazo. Adabu zote za miaka kumi na mmoja, kutomtazama usoni, kutomgusa, zilikwisha katika sekunde moja. Nilimpanda kama mti.

"Niachie shingo," alisema kwa utulivu. "Ukinikaba tunazama wote. Shika mkono. Lala. Maji yatakubeba, wewe yaache yakubebe. Usipigane nayo."

Ilichukua muda. Nahodha alikuwa upande mmoja na yeye upande mwingine, na walibishana mbele yangu kuhusu namna bora ya kunifundisha. Nahodha aliusifu mrija. Mama alisema mrija ni wa watu wasiojua kubana pumzi. Mwishowe nilichoka kuogopa, kama mtu anavyochoka kubeba mzigo, nikautia uso ndani.

Kwanza nilijisikia mwenyewe nikipumua, kwa sauti kubwa kama mtu aliyelala na mafua. Halafu nikaona. Walikuwako samaki wa manjano wenye mistari myeusi, wembamba kama sahani zilizosimamishwa, wanapita kwa familia. Walikuwako wadogo wa buluu wengi mno, wakigeuka wote mara moja kama darasa likisikia kengele. Kitu nilichodhani ni jiwe kilifunga mdomo wake. Chini zaidi kulikuwa na kundi la pono, wakubwa, wa kijani na waridi, wanayala matumbawe, na hili sikuwa nimeambiwa na mtu: niliwasikia. Kru, kru, kru. Walikuwa wanatafuna kama mbuzi waliofika kwenye mabua ya mahindi. Nilicheka ndani ya mrija, nikameza maji, nikainua kichwa nikikohoa.

"Wanatafuna!" nilipiga kelele. "Mama, wanatafuna, nimewasikia!"

"Basi rudi ukasikilize," akasema.

Yeye aliikubali miwani, mrija akaukataa. Alikuwa akizama kutoka pembeni yangu, nami nikimwona toka juu, mwanamke wa miaka sitini na ushee, gauni limemvimba mgongoni, mikono inafungua maji taratibu kama anayefungua mapazia. Alifika chini, akamsogelea kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, akamtazama kwa karibu bila kumgusa, akarudi juu. Alifanya hivyo mara nyingi. Nahodha aliacha kumfuata. Alibaki ameelea ananiambia, "Dada, mama mkwe wako huyu, mimi ningempa kazi."

*

Chakula tulikula kisiwani, kwenye kivuli cha tanga walilolitandaza juu ya miti miwili. Nahodha alikuwa amechoma changu mkubwa na kupika wali wa nazi. Lakini kwa kuwa alikuwa amewaandalia wapenzi, alileta sahani moja kubwa, na hakuwa na nyingine.

Tulitazamana. Mama akanawa, akasogea. "Njoo ule," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kula naye sahani moja. Alionja samaki akasema huyu amejitia chumvi mwenyewe, hana haja ya mpishi, lakini sato wa nyumbani anamshinda kwa utamu. Alitoa miiba kwa vidole, kipande baada ya kipande, akawa ananisogezea upande wangu kama ninavyowafanyia wanangu. Nywele zake fupi nyeupe zilikuwa zimekauka zimesimama na chumvi.

Nahodha na shemeji yake walikwenda kuangalia nanga. Mama akasema, bila kuacha kutoa miiba, "Siku ile ulilia jikoni."

Nililirudisha tonge sahanini. "Mama, mimi..."

"Bomba haliwezi kufunika kila kitu. Nilikusikia."

"Nisamehe, mama. Haikuwa kwa sababu yako."

"Ilikuwa kwa sababu yangu," akasema. "Mimi pia ningelia. Mtu amengoja fungate miaka yote hiyo, analetewa kizee." Akalamba kidole. "Nilitakiwa nikatae. Nilikusikia, nikajifanya sijasikia. Nilitaka maji."

Nilianza kucheka kabla sijajua kama inafaa. Yeye naye akacheka, kile kicheko chake cha juu, mpaka nahodha akageuka kule alikokuwa. Tulicheka tukashindwa kula. Kila mmoja alipomtazama mwenzake, tulianza upya.

Jioni ile mume wangu alipiga simu tukiwa tumeshafika nchi kavu. Alisema amechanja ng'ombe wengi na amepigwa teke moja. "Mama hajambo?" aliuliza kwa wasiwasi. "Hakuogopa?"

Nilimpa mama simu. "Aliyepiga kelele ni mkeo," alimwambia. "Mimi nimepewa kazi huku."

*

Tuliporudi Kilosa alikaa kwetu wiki mbili zaidi, na hakuna aliyetaja kliniki ya macho. Siku ya tatu aliuliza, "Karibu na hapa wapi kuna maji safi ya kuogelea?" Mume wangu akafikiri, akasema Mikumi kuna hoteli yenye bwawa, na Jumapili wanawaruhusu watu wa nje. Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari tu. Jumapili alijikuta anatuendesha.

Mlinzi wa bwawa alitukatalia. Kanga na gauni haziingii majini, alisema, sharti nguo za kuogelea. Mama hakubishana. Alirudi Kilosa akaenda kwa fundi cherehani wetu, akamwagiza suruali na blauzi ya mikono mirefu kwa kitambaa cha jezi, mpira kiunoni na kwenye vifundo vya mikono. "Mbili," akasema. "Moja yangu, moja ya mkwe wangu." Fundi akauliza rangi gani. Mama akasema manjano yenye mistari myeusi. Kitambaa cha namna hiyo hakikuwapo, tukachukua bluu.

Tangu hapo tunakwenda mara moja kwa mwezi, mpunga ukiruhusu. Yeye anakuja kutoka Zombo kwa bodaboda, ameshika mfuko wake wa nguo, ananikuta nimeshapakia watoto. Bwawa lile lina upana wa kama hatua kumi na mbili, malori ya kwenda Zambia yananguruma barabarani, na ngedere wanakaa ukutani wakingoja mtu asahau chipsi zake. Mama anasimama katikati, maji kifuani, ananyoosha mikono. Watoto walijifunza kwa siku mbili. Mimi imenichukua karibu mwaka. Ananiita mwanangu nikifanya vizuri, na mwalimu nikifanya vibaya.

Mwezi uliopita nilivuka upana wote bila kugusa chini. Nilifika nikashika ukingo, maji masikioni, nikageuka kumtafuta. Alikuwa hata hanitazami. Alikuwa amesimama mbele ya kiti cha mume wangu, nguo ya bluu inamchuruzika, na mume wangu amekaa na soda yake na viatu vyake vya kazini.

"Na wewe?" alikuwa anamuuliza. "Wewe unangoja chanjo gani?"

"Mama, nina simu ya ofisini, naingoja..."

Alimshika mkono kama alivyonishika mimi, akauvuta kidogo.

"Weka soda chini," akasema. "Vua viatu."